Wapiga chuma wa Kisumu, Nakuru na Magharibi: mnapata usingizi kiasi gani, kwa ukweli?

fundi_geti (Manyatta, Kisumu)
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, salamu. Nimesoma nyuzi za humu kuhusu protini, kuhusu sahani za simiti na sahani za dukani, kuhusu nani anabenchi ngapi. Sijaona hata uzi mmoja wa usingizi, na kwangu mimi usingizi ndio ulionikaba miezi minane bila kujua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Jioni napiga chuma kwenye jimu ya mtaani karibu na Kondele. Fimbo yetu ni ekseli ya matatu iliyokatwa, sahani mbili za kilo ishirini zilinunuliwa, zilizobaki ni simiti tuliyomimina wenyewe kwenye mikebe ya rangi na kuipima kwa mizani ya muuza vyuma chakavu. Nina daftari la jalada gumu, naandika kila seti (mzunguko mmoja wa kurudia bila kupumzika). Benchi yangu (kulala chali na kusukuma chuma juu) iligota kwenye kilo 90 mara tano. Nikaongeza mayai, nikaongeza omena, nikabadilisha mpangilio wa mazoezi mara tatu. Wapi! Mara ya nne chuma kinapanda kikitetemeka, ya tano lazima mwenzangu aguse.

Kuna dada nesi tunayefanya naye mazoezi. Siku moja akaniuliza, "Jana ulishikwa na usingizi saa ngapi, ukaamka saa ngapi, na katikati uligutuka mara ngapi?" Nikamwambia mimi hupata saa saba kamili za usingizi. Akasema andika, usikisie. Nikachora mstari pembeni mwa ukurasa, nikaandika kwa siku 31. Wastani ulikuwa saa tano na dakika ishirini.

Ile saba niliyokuwa naapa nayo ilikuwa muda wa kuwa kitandani. Toa dakika arobaini za simu. Toa muziki wa baa iliyo nyuma ya ploti, ambao haupungui mpaka saa saba usiku. Toa joto la mabati, toa mbu aliyepata tundu kwenye neti na wewe unamtafuta kwa tochi.

Halafu nikalinganisha huo mstari na seti zangu. Mwezi huo nilibenchi mara tisa. Mara tatu nilimaliza seti zote bila kuguswa, na zote tatu zilifuata usiku wa saa sita na zaidi. Mara nne nilikwama kabisa, na zote nne zilifuata usiku wa chini ya saa tano. Nilikaa na lile daftari kwenye benchi nikalitazama kwa muda mrefu. Miezi minane nilikuwa nalaumu chakula.

Vyama viwili vya matabibu na watafiti wa usingizi huko Marekani vilitoa kauli ya pamoja mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Ombi langu: andikeni kazi yenu, saa mnazolala kikweli (sio za kitandani), na mnapiga chuma siku ngapi kwa wiki. Ili tusichanganyane, tukisema "saa saba" tu humu tunamaanisha urefu wa usingizi. Saa ya ukutani iambatane na asubuhi au usiku.


kocha_lanet (Nakuru)
Jumatatu, saa 4:02 usiku

Fundi, uzi huu ulichelewa. Nimefundisha vijana chuma miaka kumi na mmoja hapa Nakuru, na mtu akiingia sitazami seti yake ya kwanza. Natazama ya tatu.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1994 Reilly na Piercy walichapisha jaribio la vijana wanane wa kiume waliolala saa tatu tu kwa siku tatu mfululizo, wakipimwa benchi, kusukuma uzito kwa miguu, dedilifti (kuinua chuma kutoka chini) na kukunja mikono. Uzito wa juu kabisa wa kukunja mikono haukuathirika. Kilichoathirika zaidi ni kazi ya uzito wa kati, ile ya kurudiarudia, na athari ilianza kujitokeza baada ya usiku wa pili. Hicho ndicho kilichoko kwenye daftari lako. Mtu amelala vibaya, anajaribu uzito mmoja mzito, unapanda, anatangaza yuko sawa. Lakini misuli inajengwa kwenye seti zinazofuata, na huko ndiko anakokufa. Akiiba mara mbili kila seti kwa miezi minane, hiyo ni kazi nyingi sana ambayo mwili haukuiona.

Jambo la pili ni homoni ya ukuaji. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye usingizi mzito, na usingizi mzito umejazana kwenye mizunguko ya mwanzo baada ya kulala. Mzunguko mmoja ni kama dakika tisini. Kwa hiyo baa inayokugutua saa sita usiku na saa saba usiku inakukata pale pale penye nyama.

Mimi nalala saa saba na nusu, chuma siku nne. Vijana wangu wengi, nikiwabana waseme kweli, ni saa sita.


trela_ya_miwa (Mumias)
Jumatatu, saa 5:40 usiku

Nitasema langu hata kama halitapendwa. Mimi nalala saa tano. Naendesha trekta ya kuvuta miwa. Nadedilifti kilo 160 mara tatu, na sijisikii kuchoka. Nina watoto wanne, vyumba viwili, na kitoto cha mwisho kinalala tumboni kwangu.

Usingizi wa saa nane ni wa mwenye nyumba ya mawe na kazi ya kuingia saa mbili asubuhi. Mkimwambia kijana wa kibarua kwamba asipolala hivyo hatajenga mwili, ataacha mazoezi arudi kwenye pombe. Nimewaona wakirudi. Kwa hiyo tafadhali, tuangalie tunavyosema.


nesi_zamu (Kisumu)
Jumanne, saa 2:25 asubuhi

Mimi ndiye dada wa daftari. Nimetoka zamu sasa hivi, nitaandika kabla sijalala.

Kaka trela_ya_miwa, kuhusu nyumba sikupingi hata neno moja. Nakupinga kwenye "sijisikii kuchoka". Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwaweka watu wazima wenye afya maabara kwa siku 14. Kundi moja lilipewa saa nne kitandani, lingine sita, lingine nane. Kufikia mwisho, wale wa saa sita walikuwa wakikosea kwenye vipimo vya umakini kama mtu aliyekesha. Walipoulizwa kama wana usingizi, wakasema kidogo tu. Kila siku walizidi kushuka na wao hawaoni. Ndiyo maana nilimwambia fundi aandike. Mtu mwenye deni la usingizi hawezi kuwa shahidi wa deni lake.

Na kwa wanaokata uzito humu (nimeona nyuzi zenu za kujinyima ugali), sikieni hili. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Chicago, watu kumi wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa wiki mbili wakiwa na saa 8 na nusu kitandani, halafu wiki mbili nyingine wakiwa na saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana, kama tatu kila awamu. Kwenye usingizi mrefu, 1.4 kati ya hizo yalikuwa mafuta. Kwenye usingizi mfupi mafuta yalikuwa 0.6 tu, na 2.4 zilitoka kwenye mwili usio mafuta, yaani pamoja na misuli. Hawakuwa wapiga chuma, lakini njaa ni ileile. Unafurahia mizani huku unapoteza ulichojenga kwa mwaka mzima. Inaniuma nikiona mtu anajitesa hivyo.

Chuo hichohicho, mwaka 2011: vijana kumi wa kiume wenye afya, wiki moja ya saa tano kila usiku, na testosteroni (homoni ya kiume) yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu.

Mimi mwenyewe: wiki ya mchana nalala saa saba, wiki ya usiku tano na kidogo. Chuma siku tatu, wiki ya usiku mbili.


lindo_usiku (Nakuru)
Jumanne, saa 7:50 mchana

Habari zenu wakubwa. Nimesoma yote na nina swali ambalo nimelibeba muda mrefu.

Mimi ni mlinzi. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Nikitoka napitia jimu, saa moja asubuhi nipo kwenye skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani). Nyumbani nafika saa tatu, nakunywa chai, nalala saa nne. Chumba changu kinapakana na mashine ya kusaga posho. Saa sita na nusu watoto wa ploti wanarudi kutoka shule kula. Saa nane nimeamka. Kwa hesabu ya fundi, toa hiki toa kile, nalala saa tatu na nusu.

Nilianza nikiwa kilo 78. Sasa nina 73, na chakula sijapunguza. Bosi wangu wa zamani, kampuni nisiyoitaja, aliniambia nalala kazini. Sikuwa nalala, ila nilisimama macho wazi nisione kitu. Nilifukuzwa. Hii ni kazi ya pili na siwezi kuipoteza. Je, nipige chuma kabla ya kulala au baada? Au niache?


kocha_lanet (Nakuru)
Jumanne, saa 9:15 alasiri

Mdogo wangu, usiache. Lakini geuza mambo juu chini.

Ukitoka lindo nenda nyumbani moja kwa moja. Vaa kofia yenye ukingo, kwa sababu mwanga wa asubuhi unauambia ubongo kumekucha. Kunywa uji badala ya chai ya majani. Ziba dirisha na blanketi lile zito, sio pazia. Ukijitahidi saa mbili asubuhi umelala, kabla posho haijachangamka. Ile homoni niliyoitaja jana inafuata usingizi wenyewe kuliko saa ya ukutani, kwa hiyo usidhani usingizi wa mchana haukujengi.

Chuma uwekee saa tisa alasiri, ukishaamka na kula. Siku mbili tu kwa wiki, dakika arobaini. Najua unapiga seti ngapi, nimekuona. Zipunguze ziwe theluthi. Usiogope kupotea: mwaka 2011 watafiti wa Birmingham, Alabama, walichapisha jaribio ambalo watu walijenga misuli kwa wiki 16, kisha wakapunguziwa kazi hadi theluthi moja, na wengine hadi sehemu moja ya tisa, kwa wiki 32. Kwa vijana, misuli ilibaki. Wewe sasa hivi hujengi, unalinda ulichonacho. Mzigo mwingi juu ya saa tatu na nusu ndio uliokula hizo kilo tano.

Na skwati nzito baada ya kusimama usiku kucha, tafadhali, acha leo.


nesi_zamu (Kisumu)
Jumanne, saa 10:30 jioni

Naunga mkono kocha. Niongeze kuhusu kelele, kwa sababu blanketi halizuii posho. Pamba iliyoviringishwa vizuri masikioni inasaidia, ila isiingizwe ndani sana. Mimi pia huwasha redio kwenye kituo kisichoshika, ule mvumo wa mfululizo unafunika kelele za ghafla. Kinachogutua hasa ni badiliko, mlango kubamizwa, mtoto kupiga kelele.

Halafu uliza watu wako, lindo. Je, huna ndugu au shemeji anayeshinda kazini mchana na chumba chake kimya?


mama_webuye (Webuye)
Jumanne, saa 3:48 usiku

Naandika kwa mkono mmoja. Mtoto wangu ana miezi saba. Napiga chuma nyumbani, dambeli mbili na ekseli ndogo aliyonichongea mjomba. Nalala saa tisa ukihesabu kitandani, lakini naamka mara nne au tano. Asubuhi nguvu hakuna. Wenzangu wananiambia mbona unalala sana na bado unalalamika.


nesi_zamu (Kisumu)
Jumanne, saa 4:20 usiku

Dadangu, hulali sana. Usingizi uliokatwa vipande vitano hauna thamani ya uliounganika, hata jumla ikiwa kubwa, kwa sababu kila ukigutuka unapoteza njia ya kwenda kwenye ule mzito. Tafuta kipande kimoja kirefu. Kwa mama anayenyonyesha huwa nashauri hivi: nyonyesha saa tatu usiku, ulale hapohapo, na baba ambebe mtoto mpaka saa sita au saa saba. Umepata saa tatu au nne zilizoungana. Akilia kwa njaa, baba akuletee, unyonyeshe ukiwa umejilaza, na yeye ndiye wa kumcheulisha na kumbadilisha nepi.

Na mchana, mtoto akilala, vyombo vibaki. Lala. Wanariadha wa Iten na Kaptagat, watu wanaoshinda mbio za dunia, wanalala mchana baada ya mazoezi ya asubuhi na hakuna anayewaita wavivu. Kwao hiyo ni sehemu ya kazi.


form_four_njoro (Njoro)
Jumatano, saa 1:05 jioni

Nina miaka 17. Shule tunaamka saa kumi alfajiri kwa masomo ya asubuhi, tunalala saa nne na nusu usiku. Napiga chuma wikendi na likizo. Nakunywa soda za nguvu mbili kwa siku ili nisisinzie. Nataka kifua. Nifanye nini?


fundi_geti (Manyatta, Kisumu)
Jumatano, saa 1:40 jioni

Kijana, wewe ndiye unayehitaji usingizi kutushinda sote humu. Pendekezo kwa umri wako ni saa nane hadi kumi. Unapata tano na nusu. Ratiba ya shule huiwezi, hiyo ni ya wazazi na walimu kuzungumza, na wazungumze. Kilicho mikononi mwako ni soda na wikendi. Jumamosi lala mpaka mwili uamke wenyewe. Usijaribu uzito mpya baada ya wiki ya hivyo. Piga mara kumi kumi, nyepesi, jifunze mkao.


kocha_lanet (Nakuru)
Jumatano, saa 2:10 usiku

Fundi kasema vyema. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa wanamichezo wa umri huo Marekani, na waliolala chini ya saa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Nimeona bega la mvulana wa miaka 16 likitoka kwenye benchi, saa mbili asubuhi ya Jumamosi, baada ya wiki ya mitihani. Sauti ile sijaisahau. Tangu siku hiyo, Jumamosi jimu yangu haifunguliwi kwa wanafunzi wa shule kabla ya saa nne asubuhi.

Kuhusu soda za nguvu: kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu tu mwilini. Mwaka 2013 walijaribu miligramu 400, ambazo ni karibu vikombe vinne vya kahawa, saa sita kabla ya kulala, na watu wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Hii iwafikie na wakubwa wanaokunywa unga wa kabla ya mazoezi saa kumi na mbili jioni. Na wa mugoka (aina ya miraa), mnajijua. Anayetafuna kuanzia saa kumi jioni asiniletee swali la kwa nini hakui.


baba_busia (Busia)
Jumatano, saa 3:30 usiku

Nimesita kuandika lakini naona ni muhimu. Nilikuwa nalala saa nane, tisa, bila kelele, bila mtoto, na naamka nimechoka kama sikulala. Miaka miwili kliniki moja ilinipa vidonge vya vitamini. Mke wangu ndiye aliyeokoa maisha yangu. Alinirekodi kwa simu usiku. Unasikia nakoroma, nakoroma, halafu kimya. Kimya kirefu, anahesabu kwa sauti ya chini, kumi na tano, ishirini, halafu navuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani. Ikarudiwa usiku mzima.

Ni ugonjwa, pumzi hukatika usingizini. Daktari niliyefika kwake mwishowe alipima shingo yangu kabla ya kitu kingine. Sentimita 46. Akasema kwa mwanamume, kuanzia kama 43 ni alama ya kuangaliwa. Sisi wapiga chuma tunajenga shingo na mabega, wengine tunajenga na tumbo juu yake. Nimepunguza kilo tisa, nimeacha pombe ya usiku, nalala kwa ubavu nikiwa nimeshonewa mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana ili nisigeuke chali. Bado naendelea na matibabu. Ila asubuhi sasa naamka na akili yangu.

Kama mwenzio anasema unakoroma na kunyamaza, mwambie akurekodi leo hii.


nesi_zamu (Kisumu)
Jumatano, saa 3:55 usiku

Asante sana, baba_busia. Nimesoma hii mara mbili. Ndugu wengine, anayekoroma hivyo asinywe dawa ya usingizi kabla ya kuonana na daktari, inaweza kumzidishia.


kijana_wa_dunga (Kisumu)
Alhamisi, saa 6:15 mchana

Swali fupi. Nikila kabla ya kulala napoteza kazi ya mazoezi?


kocha_lanet (Nakuru)
Alhamisi, saa 6:40 mchana

Hapana. Kuna jaribio la Uholanzi la 2012 ambapo vijana waliopiga chuma jioni walikunywa gramu 40 za protini ya maziwa kabla ya kulala, na ujenzi wa misuli usiku ule ukawa juu kwa asilimia kama 22. Kwa maziwa ya kawaida hizo ni zaidi ya lita moja, usijilazimishe. Glasi mbili za maziwa lala na mayai mawili, inatosha.


fundi_geti (Manyatta, Kisumu)
Jumapili, saa 2:30 usiku

Wengi mmenitumia ujumbe kuuliza nilifanya nini na joto. Wa Nakuru mko juu, karibu mita 1,850, usiku mnavuta blanketi. Huku ziwani tuko kama 1,130, na mabati yanashika jua mchana kutwa yakiachilia usiku. Mwili unataka kushusha joto lake ndipo usingizi uje, na hapo ndipo tunapokwama.

Nilinunua magunia ya sukari na maboksi makubwa ya friji, nikayatundika chini ya mabati kwa waya, nikiacha nafasi ya kiganja katikati ili hewa ipite. Dari la maskini, lakini tofauti niliisikia usiku wa kwanza. Naoga maji ya uvuguvugu, sio ya baridi, saa moja kabla ya kulala. Nimeshona neti, na ninaichomeka chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia. Simu inalala kwenye kibanda cha kazi, alamu ni saa ya mezani ya mia tatu.

Baa sijaiweza. Nimehamisha kitanda ukuta wa pili na nalala na pamba. Ndugu trela_ya_miwa, ulisema kweli: nusu ya usingizi wangu niliipata kwa kujenga nyumba upya, na sio kila mtu ana mashine ya kuchomelea na muda. Nilipaswa kuliandika hilo tangu mwanzo.


trela_ya_miwa (Mumias)
Jumatatu, saa 1:20 jioni

Nami nina la kukubali. Dada nesi alinifanya nichukue kalamu. Nimeandika siku saba kwenye karatasi ya mizani ya miwa.

Usiku ni saa tano, kama nilivyosema, wakati mwingine nne na nusu. Lakini kuna foleni ya kiwandani. Trekta inasimama saa tatu, nne, na mimi nalala chini ya trela kwenye gunia. Sikuwahi kuhesabu hiyo kama usingizi, ni kusubiri tu. Nikijumlisha, nimepata saa sita na dakika hamsini kwa siku. Siku mbili ambazo foleni haikuwepo, nilidedilifti jioni na kilo 140 ikanishinda mara ya pili.

Miezi miwili iliyopita kiwanda kilifungwa kwa matengenezo, hakukuwa na foleni, na mgongo ukaniuma wiki tatu. Nilidhani ni uzee.

Kwa hiyo kijana wa kibarua asiambiwe saa nane au aache. Aambiwe ahesabu vyote, cha usiku na cha kwenye gunia, na aweke uzito kulingana na alichopata wiki hiyo. Hilo naweza kulisema hata mbele ya vijana wangu.


nesi_zamu (Kisumu)
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Kaka, umelisema kuliko nilivyolisema mimi. Sasa ule usingizi wa chini ya trela, weka jiwe kwenye matairi na mwambie dereva wa nyuma upo. Nakusihi.


trela_ya_miwa (Mumias)
Jumatatu, saa 2:11 usiku

Nimesikia, dada. Kuanzia kesho nalala kando, chini ya mti.


mama_webuye (Webuye)
Jumamosi, saa 1:30 asubuhi

Baba amekubali zamu ya usiku wa mapema. Jana nililala saa tatu na dakika hamsini bila kuamka. Nimelia kwa furaha. Chuma sijagusa leo, nitagusa kesho.


lindo_usiku (Nakuru)
Jumanne, wiki tatu baadaye, saa 9:05 alasiri

Wakubwa, nimerudi na ripoti.

Shemeji yangu anakaa Kiamunyi, anatoka kazini jioni. Alinipa ufunguo. Nikitoka lindo napanda matatu mpaka kwake, saa mbili na robo asubuhi nimelala, blanketi dirishani, pamba masikioni. Naamka saa nane mchana. Nimeandika kila siku kwa kalamu ya kitabu cha lindo. Wiki ya kwanza wastani saa nne na nusu, ya pili tano na nusu, ya tatu tano na dakika arobaini. Chuma Jumatano na Jumapili, seti saba tu. Uzito ni kilo 74 na nusu. Skwati ya kilo 80 ambayo ilikuwa inanikunja, juzi niliishusha na kuipandisha mara sita na magoti yakatulia.

Usiku kazini naona geti lote, mpaka kona. Nilikuwa nimesahau kwamba lina kona.

Shida moja: shemeji anahama mwisho wa mwezi, anaenda Naivasha. Sitaki kurudi kwa mashine ya posho. Kama kuna anayejua chumba kinachokaa kimya mchana, naweza kulipa kidogo.


fundi_geti (Manyatta, Kisumu)
Jumanne, saa 12:40 jioni

Hongera sana, ndugu. Mstari wa jana kwenye daftari langu: usingizi saa 6 na dakika 40, benchi kilo 90, tano, tano, tano. Hakuna aliyegusa.

Kocha, wewe uko Nakuru. Huna mahali?


kocha_lanet (Nakuru)
Jumanne, saa 1:15 jioni

Jimu yangu ina chumba cha nyuma cha kuwekea magodoro ya mazoezi. Kina dirisha dogo, na siku za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri hakuna mtu, wanafunzi wangu ni wa jioni. Hela weka mfukoni. Lindo, njoo Alhamisi ukitoka kazini, na uje na kufuli yako na lile blanketi.